Lebo haisemi kilichotokea: nilichojifunza nikitafuta dawa kwa maktaba ya DNA

Kichupa chenyewe kilikuwa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Ndani yake mlikuwa na tone moja la maji, maikrolita 20, lisilo na rangi wala harufu. Asiyejua angelimwaga kwenye sinki. Lakini katika tone lile mlikuwa na molekuli za aina 7,077,888, kila aina ina nakala zake karibu milioni moja, na kila nakala imebeba mkia wa DNA unaoeleza ilitengenezwa kwa vipande gani. Nilitumia miezi kumi na mmoja kulipata tone hilo. Kisha nikatumia zaidi ya mwaka mzima kujua kwamba nilikuwa silifahamu.

Ninaandika kwa ajili ya vijana wa kemia wanaojiandaa kwenda kusomea utafiti wa dawa, na wale waliokwisha kufika maabara na sasa wanahangaika peke yao usiku na majedwali yasiyoeleweka. Nami nilikuwa hivyo. Makala za kisayansi zinaeleza vizuri kilichofanikiwa, lakini aliyekosea haandiki, na ndiyo maana makosa yangu yote yalikuwa yamekwisha kufanywa na watu wengine kabla yangu.

Wazo la maktaba hizi ni la mwaka 1992, la wanasayansi Sydney Brenner na Richard Lerner. Wakati huo lilikuwa wazo kwenye karatasi tu. Unachukua DNA fupi yenye mkono wa kikemia mwishoni, unaigawa katika visima 96. Kila kisima unakitilia kipande chake cha kemia, kinashika kwenye ule mkono. Halafu unaunganisha kipande kifupi cha DNA ambacho ni namba ya kisima hicho. Ukimaliza unavimwaga visima vyote pamoja, unachanganya, unagawa upya katika visima 192, unatia kipande cha pili na namba yake. Unamwaga, unachanganya, unagawa tena katika visima 384. Zidisha: 96 mara 192 mara 384. Kwa vipande 672 tu vya kununua dukani umepata molekuli zaidi ya milioni saba. Makampuni makubwa yameenda mbali zaidi. Mwaka 2009 kundi la watafiti wa kampuni ya dawa ya GSK, iliyokuwa imeinunua kampuni ya Praecis mwaka 2007, lilichapisha habari za maktaba yenye molekuli milioni 800.

Ukishakuwa na maktaba, unachukua protini ya ugonjwa unaousaka, unaishikiza kwenye shanga ndogo za sumaku, unaitumbukiza katika lile tone. Molekuli inayoipenda protini inang'ang'ania, isiyoipenda inaoshwa. Zilizobaki unazichomoa kwa joto, unazidisha DNA yake kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, unaipeleka kwenye mashine ya kusoma mfuatano. Mikia iliyojitokeza mara nyingi ndiyo inayokuambia ni molekuli gani zilishika.

Hapo ndipo penye mtego, na natamani mtu angenishika bega siku ya kwanza akaniambia. Mkia wa DNA ni lebo, na lebo inaeleza ulichotia kisimani. Kilichotokea humo baada ya wewe kutia, haikijui. Nyumbani kwetu Muheza, mama alikuwa na kopo la Kimbo juu ya kabati. Sisi watoto tulijua lina magadi, wala hatukuwahi kulifungua tukitafuta mafuta. Mgeni ndiye aliyeamini maandishi. Katika maabara ya Uswisi nilikofanyia kazi hii, mimi nilikuwa mgeni.

Kwa nini nilijitosa huko ni habari ya baba mdogo. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge, akaugua kifua kikuu, akatibiwa, kikarudi. Mara ya pili kilikuwa kile sugu. Alipelekwa Kibong'oto, Kilimanjaro, akakaa huko miezi akidungwa sindano kila siku. Alipona. Amerudi kwake, ana mbuzi na mchungwa mzuri uani, lakini zile sindano za wakati huo zilimwondolea usikivu. Ukitaka kuzungumza naye leo unaandika.

Nilipofika shahada ya kwanza, mwalimu wetu mmoja alifundisha jinsi isoniazidi inavyofanya kazi, na mimi nikakaa wima. Isoniazidi inatibu kifua kikuu tangu mwaka 1952. Ikiingia ndani ya bakteria haina nguvu bado. Inabidi iamshwe na kimeng'enya cha bakteria mwenyewe, KatG, ndipo iende kuziba kimeng'enya kingine kiitwacho InhA, ambacho bakteria anakitumia kutengeneza nta ya ukuta wake. Mara nyingi bakteria anapokuwa sugu kwa isoniazidi, ameharibu KatG, yaani amemwondoa mwamshaji. InhA iko palepale, haijaguswa. Ukipata molekuli inayoiziba InhA moja kwa moja, isiyohitaji kuamshwa, umempita bakteria pembeni. Na mwaka 2014 watafiti wa GSK walichapisha kwamba wamepata molekuli za namna hiyo kwa njia ya maktaba za DNA. Nilisoma makala ile mara tatu. Nilipopata nafasi ya uzamivu niliomba lengo liwe InhA, kwa maktaba mpya tutakayoijenga wenyewe. Msimamizi wangu, profesa mpole na mwenye shughuli nyingi, alikubali.

Ujenzi wa maktaba ni kazi ya mikono kuliko ya akili. Kila hatua inafanyika kwenye maji, kwa sababu DNA haipendi viyeyushi vikali, na tindikali inaimomonyoa. Ukimaliza kuunganisha unatia chumvi na alkoholi baridi, unaweka kwenye friza, unazungusha kwenye mashine mpaka DNA itulie chini kama ukungu mweupe. Unamwaga maji ya juu kwa uangalifu, unakausha, unayeyusha upya. Visima 384. Vidole gumba vyangu viliuma kwa pipeti mpaka nikawa siwezi kufungua chupa ya maji. Ukiwa umeshika kazi hii, andika kila sahani ya visima ilikogeukia, kona ya A1, yaani kisima cha kwanza, iko upande gani, na mwombe mtu akae karibu akisoma namba kwa sauti wakati wewe unapipeti. Mwenzangu mmoja aliwahi kugeuza sahani kwa bahati mbaya saa tatu usiku. Molekuli zilikuwa salama, lebo zote zikawa za uongo, na hakuna mashine duniani ya kulirekebisha hilo.

Kabla ya kutia kipande chochote kwenye maktaba, desturi ni kukipima peke yake: unakiunganisha na DNA ya majaribio, unapima uzito wa molekuli iliyotoka, unaona asilimia ngapi imeunganika. Sisi tulikubali kilichofika asilimia 70. Nilipima vipande vyote, nikakata vilivyoshindwa, nikajivunia. Lakini vipande vya hatua ya pili vilikuwa vimevaa kofia. Wakemia wa protini wanaijua, inaitwa Fmoc, inauziba mkono wa kipande usishike kitu kabla ya wakati wake. Ukishaunganisha unaivua kofia kwa kutia piperidini. Mimi nilipima uzito kabla ya kuvua kofia. Baada ya kuvua sikupima. Ilikuwa Desemba, mashine ya kupima uzito ilikuwa na foleni ya wiki mbili, na kuvua kofia ni kitu ambacho kila mtu anasema hakishindikani. Liweke akilini hili, nitalirudia.

Uchujaji wa kwanza niliufanya mwezi Machi. Nilikuwa nimeitengeneza InhA mwenyewe ndani ya bakteria wa kawaida wa maabara, nimeisafisha, ina mkia wa histidini sita unaoshika kwenye nikeli ya zile shanga za sumaku. Nikatia maktaba, nikatia DNA ya manii ya samaki samoni ili izibe mahali panaposhika DNA hovyo, nikaacha saa moja, nikaosha, nikapasha nyuzi 85 kwa dakika kumi. Nikarudia mizunguko mitatu. Matokeo yaliporudi nilikaa mbele ya kompyuta nikitetemeka, kwa sababu kulikuwa na molekuli zimejitokeza mara mia kadhaa wakati nyingine zote zilijitokeza mara moja au mbili. Nilimpigia mama usiku uleule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti inacheka?"

Nikamwambia tumepata. Mama akasema atamwandikia baba mdogo.

Wiki mbili baadaye fundi wa maabara yetu, mama wa makamo aliyekuwa amekaa pale miaka mingi kuliko maprofesa wote, aliangalia michoro ya molekuli zangu kumi za juu. Zote zilikuwa na pete ya imidazoli. Akaniuliza, taratibu, kama nilikuwa na kichupa cha shanga tupu zisizo na protini. Sikuwa nacho. Nilikiacha ili nipunguze gharama za kusoma DNA. Imidazoli ni ile pete iliyo ndani ya histidini, na histidini inapenda nikeli. Kwa sababu hiyo ndipo protini yangu ilishika kwenye shanga. Molekuli zangu zote kumi zilikuwa zimeshika nikeli ya shanga. InhA hazikuwa na habari nayo.

Nilirudia na kichupa cha shanga tupu, na kweli, zilezile ziliibuka humo kwa wingi uleule. Ikabidi nimpigie mama tena. Sikumweleza nikeli. Nilimwambia nimekosea hesabu, na nikamwomba amwambie baba mdogo. Ilikuwa simu nzito kwangu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Kama una ndugu wanaosubiri habari za utafiti wako, kaa na habari njema angalau mpaka molekuli iwe imetengenezwa upya bila DNA na imepimwa. Matumaini ya mgonjwa hayarudishwi kwenye friza.

Kuhusu gharama niseme wazi, maana wengi tunapanga bajeti tukihesabu kemikali na kusahau usomaji. Kila sampuli unayoongeza inakula sehemu ya usomaji wote. Kusoma mara moja kulikuwa kunatugharimu zaidi ya kodi yangu ya chumba ya mwezi mzima, na Uswisi kodi si mchezo. Ndiyo maana mtu anashawishika kuacha vichupa vya kulinganishia. Usiache. Heri upunguze idadi ya protini unazojaribu kuliko kupunguza vichupa hivyo. Tangu siku ile sijafanya uchujaji usio na vichupa vinne: protini yenyewe, shanga tupu, protini iliyozibwa kwa kizuizi kinachojulikana, na protini katika hali tofauti ya bafa, yaani yale maji ya chumvi inamokaa.

Hicho cha nne kina habari yake. Baada ya kuondoa imidazoli, katika matokeo ya pili hakukubaki kitu. Tambarare. Nilibadilisha muda, nikabadilisha chumvi, nikatengeneza protini mpya mara mbili, kila mara wiki tatu. Miezi mitatu ikapita. Jibu lilikuwa katika sura ya kwanza ya makala yoyote kuhusu InhA: kimeng'enya hiki kinafanya kazi kikiwa kimeshika mwenzake mdogo, NADH, na vizuizi vingi hukaa juu ya NADH huyo, kama mtu anayekalia kiti. Bafa yangu ilikuwa na NADH kwenye maandishi. Lakini nilikuwa naichota kwenye kichupa kilichokuwa kimeyeyushwa miezi minane nyuma, kikagandishwa na kuyeyushwa mara nyingi. NADH nzima inanyonya mwanga wa nanomita 340. Nilipokipima kichupa changu kwenye mwanga huo, karibu hakikunyonya kitu. Lebo ilisema NADH, tarehe ipo, mwandiko ni wangu. Kilichokuwamo ni mabaki.

Siku hizi nayeyusha NADH asubuhi ya kazi na kuipima kabla haijagusa protini. Na protini naipima kama inafanya kazi yake siku ileile ya uchujaji, sitegemei ya wiki iliyopita. Ni nusu saa tu.

Uchujaji wa tatu ndio uliotoa kitu, na hapo nikaingia shimo la hesabu. Tulikuwa tumesoma mikia milioni kumi hivi kwa kila kichupa. Maktaba ina aina milioni saba. Maana yake, kama molekuli zote zingebaki kwa usawa bila kuchujwa, kila aina ingesomwa mara 1.4 kwa wastani. Mimi nilikuwa nazipigia mstari mwekundu molekuli zilizosomwa mara sita, nikisema sita ni mara nne ya wastani. Rafiki yangu Mkenya aliyekuwa akisomea takwimu chuo hichohicho alichukua kalamu, akaniandikia kwenye karatasi ya kufungia mkate: kwa wastani wa 1.4, nafasi ya kupata sita au zaidi kwa bahati tu ni kama tatu katika elfu moja. Tatu katika elfu moja ni ndogo. Kati ya milioni saba, ni zaidi ya molekuli elfu ishirini. Nilikuwa nimezipigia mstari kelele tupu.

Alichonifundisha kufanya badala yake ni kuangalia ukoo. Molekuli moja yenye namba kubwa inaweza kuwa bahati. Lakini kama kipande kilekile cha pili kinaibuka na vipande vingi tofauti vya tatu, na vipande hivyo vya tatu vinafanana, huo ni ukoo, na bahati haizai ukoo. Chora vipande vitatu kama pande tatu za mchemraba, weka nukta. Mshika wa kweli mara nyingi anaonekana kama mstari au ukuta ndani ya mchemraba, kwa sababu kipande kimoja au viwili ndivyo vinavyofanya kazi na kile kingine kimebebwa tu.

Nami nikaupata mstari. Kipande cha pili, namba 143, pete ya pirimidini yenye klorini pembeni. Kiliibuka na vipande kumi na tisa vya tatu, vyote vyenye pete nene za mafuta. Kwenye shanga tupu hakikuwepo. Kwenye protini iliyozibwa kilipungua. Bila NADH kilipotea kabisa. Kila alama uliyoweza kuiomba ilikuwepo. Sikumpigia mtu simu.

Nilikaa wiki saba kuitengeneza ile molekuli bila DNA. Njia ya kawaida ya kemia ya chupa ni rahisi zaidi, maana hakuna DNA ya kulinda, kwa hiyo nilitumia kofia ya aina nyingine, inayovuliwa kwa tindikali. Nilipata miligramu 60 za unga mweupe msafi. Nikaipima dhidi ya InhA kuanzia maikromola 0.1 mpaka 100.

Haikuziba chochote. Hata kwenye 100.

Sitaki kupamba hali niliyokuwa nayo. Nilikuwa mwaka wa tatu, mkataba wa fedha unaisha miezi tisa mbele, nje giza saa kumi na moja jioni. Nililala na nguo za kazini siku mbili. Nilianza kuandika barua ya kuacha. Ninalitaja hili kwa sababu najua kuna anayesoma akiwa mahali hapohapo, na kwa sababu kilichonitoa kilikuwa cha kawaida sana: yule fundi alinipigia kuuliza kama mimi ni mgonjwa, akaja na supu. Mwambie mtu. Akili iliyochoka haiwezi kusoma majedwali.

Aliyenipa njia pia ni yeye. Alisema, "Umetengeneza kilichoandikwa kwenye lebo. Sasa tengeneza kilichokuwa kisimani." Yaani nichukue DNA, nirudie hatua zilezile, kwa kemikali zilezile, kwa joto na muda uleule wa siku ile ya Desemba, halafu nipime uzito kila baada ya hatua. Kazi yenyewe ni siku mbili. Nilikuwa nimetumia wiki saba bila kufikiria siku mbili.

Kipande namba 143 kikaunganika vizuri, asilimia 88 kama mwanzo. Uzito sawasawa. Nikatia piperidini kuvua kofia, nikapeleka mashineni, nikasubiri. Nilitarajia daltoni 5,871 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Mchoro ukapanda mlima mmoja tu, mrefu, safi, kwenye 5,920.

Ziada ni 49. Niliangalia namba ile muda mrefu, kisha nikachukua kalamu. Klorini ina uzito wa 35. Piperidini ikishika mahali kwa nitrojeni yake inaleta 84. Toa 35 kwenye 84. Klorini iliyo kwenye pirimidini ni dhaifu, inang'oka kirahisi, na piperidini tuliyoitia kuvua kofia ilikuwa imeivua kofia na kuing'oa klorini pia, ikakaa mahali pake. Ilitiwa kwenye kila kisima bila kubagua, na kwa sababu ni ya visima vyote haikuwa na namba yake kwenye DNA. Hakuna mkia wowote katika maktaba nzima ungeweza kunieleza. Na nilipotengeneza bila DNA, nilitumia ile kofia ya tindikali, kwa hiyo piperidini haikuwahi kuigusa molekuli yangu. Nilikuwa nimeitengeneza lebo kwa usafi wa hali ya juu.

Ule unga mweupe uliokufa ulikuwa bado kwenye friji, miligramu 40. Niliuyeyusha jioni ileile, nikatia piperidini, nikaupasha moto, nikauacha unakorogeka usiku kucha. Asubuhi nikasafisha. Mchana nikapima. Kwenye maikromola 4, InhA ilikuwa imepoteza nusu ya nguvu zake. Nikarudia mara tatu nikitumia kila mara NADH mpya. Nne, tano, nne.

Niliketi sakafuni pale maabara. Fundi akaja akaketi nami.

Ikiwa utachukua kitu kimoja cha kufanya kesho kutoka hapa, ni hiki: kabla hujaanza kutengeneza mshika wako bila DNA, mtengeneze upya juu ya DNA kwa hatua zilezile za maktaba na upime uzito wa kila kilichotoka. Siku mbili. Kama kuna milima miwili, mitatu, kila mmoja ni mtuhumiwa. Wakati mwingine utakuta kipande cha tatu hakikushika kabisa na mshika wa kweli ni molekuli fupi, na hiyo ni habari njema, kwa sababu fupi ni rahisi kuigeuza dawa. Na kumbuka mkono unaoishikilia DNA. Pale DNA ilipokuwa, molekuli yako isiyo na DNA isiishie uchi. Weka kiungo kidogo cha kikemia kiitwacho amidi, la sivyo umebadilisha umbo bila kukusudia.

Kwa walioko nyumbani ambao hawana mashine hizi, mlango haujafungwa. Si lazima ujenge maktaba. Yapo makampuni yanayogawa vichupa vya maktaba zilizokwisha kujengwa, na kazi unayobaki nayo ni kutengeneza protini nzuri na kuchuja kwa uangalifu. DNA iliyokaushwa inasafiri na kuvumilia joto. Vimeng'enya vya PCR na protini yako ndivyo visivyovumilia umeme kukatika, kwa hiyo fikiria friza kabla ya kufikiria maktaba. Na aliye na kompyuta tu anaweza kuanza na data ya BELKA iliyowekwa wazi mwaka 2024 katika shindano la Kaggle, tovuti ya mashindano ya uchambuzi wa data. Ni matokeo ya uchujaji wa molekuli zaidi ya milioni mia moja dhidi ya protini tatu, BRD4, albumini ya damu ya binadamu na sEH. Waliojaribu walipata alama nzuri kwenye molekuli zilizojengwa kwa vipande ambavyo programu zao zilikwisha kuviona. Zilipoletewa molekuli za vipande vigeni, alama ziliporomoka. Mimi nikiitazama data hiyo najiuliza ni namba 143 ngapi zimo ndani, yaani mahali ambapo programu imefundishwa jina la klorini kwa molekuli yenye piperidini.

Molekuli yetu si dawa. Inaziba kimeng'enya kwenye kisima, lakini bakteria wa kifua kikuu amejifunika nta, na molekuli yetu bado haipenyi vya kutosha. Mwanafunzi aliyenifuata anaendelea kuikata na kuirefusha. Daftari zangu nimemwachia zote, pamoja na kurasa za Machi zenye imidazoli, nilizozizungushia mstari wa bluu ili azione kwanza.

Baba mdogo nilimwandikia siku nilipokabidhi tasnifu. Nilimweleza kwamba dawa bado haipo, lakini tumepata kinachoshika, na safari hii nimepima mara tatu. Alichukua muda kujibu. Huwa anaandika polepole, herufi moja moja.

"Sawa mwanangu. Nimeelewa. Na huko unakula vizuri?"